Papa Foto na Kamba ya Muguu

Hapana, Yaya, mukubwa wangu, si kiburi. Leo muchana ulikuwa unafunga mizigo yako ya Kalemie, ukanisemea mbele ya Mama: "Ulipanda moto ya pikipiki siku mbili mpaka Kabambare kumuuliza muzee mwenyewe. Akakujibu. Sasa jibu hulitaki. Ulienda kuuliza nini basi?" Mama akacheka. Mimi nikatoka inje na kalamu na karatasi. Jibu langu ni refu, naliandika hapa jua lingali juu. Wewe unaondoka kesho asubuhi, na bado sijakuambia ni kamera gani utaniletea.

Kamera ziko mbili, na pesa yangu ni ya moja. Ya kwanza ni mupya, ndogo, ekra yake, kile kioo cha kuonea foto, ni ya kugusa na kidole, na ndani iko na stabilizateri, ile kitu yenye inatuliza kamera wakati mukono unatetemeka. Ya pili ni okazioni, mutu alishaitumia, nzito, rangi imeshatoka ku pembe. Stabilizateri haina hata kidogo. Lakini iko na magurudumu mawili ya kugeuza na vidole, na gizani inaona vizuri. Wewe unataka ya kwanza. Papa Foto naye, muzee aliyenifundisha kupiga foto, alisema ya kwanza, kwa mudomo wake, nilimusikia. Lakini Yaya, wewe hukumujua Papa Foto. Ile miaka ulikuwa Salamabila, unauzia wachimbaji wa dhahabu nguo. Mimi nilikuwa naye. Wacha nikuambie alikuwa mutu gani, kisha utaona kama nina kiburi.

Kamera yake alikuwa anaibeba ndani ya sufuria. Sufuria ya kupikia bugali, kabisa, na kifuniko chake. Ndani aliweka pamba na kipande cha blanketi, juu alifunga na mupira wa tairi la kinga, la baisikeli. Barabara ya Kabambare ilikuwa imemuvunjia kamera mbili mbele apate ile akili. Siku moja ku bariere, kizuizi cha barabarani, askari alimusimamisha.

"Muzee, umepika nini?"

"Sombe ya muhogo."

"Funua tuonje."

Papa Foto akafungua mupira pole pole, akatoa kamera, akamupiga askari foto na mudomo wazi. "Imeiva," akasema. Askari alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha wiki mbili, tulipita pale tena, Papa Foto akatoa ile foto mufukoni na akamupa. Hakusahau foto ya mutu. Angesahau kula, angesahau jina lako, lakini kama alikupiga, foto yako ingekufikia, hata kama umehama.

Halafu kuko kamba. Chini ya kila kamera kuko katundu ka skrubu, ni ya kusimamisha kamera juu ya miguu mitatu. Yeye miguu mitatu hakuwa nayo. Alienda kwa fundi wa pikipiki, akachongesha buloni, bolti yenye kuingia pale, akafunga kamba ku ile buloni, na ku mwisho wa kamba akafunga kijiti. Akitaka kupiga foto fasi ya giza, anakanyaga kijiti na muguu, anavuta kamera juu mpaka ku jicho, kamba inakaza kama waya ya gitare. Kamera haina tena fasi ya kucheza. "Kamba inavuta chini," anasemaka, "mimi navuta juu. Sisi wawili tunagombana, kamera iko katikati inatulia."

Ile kamba ilikuwa ya kipimo cha mutu: kutoka ku nyayo mpaka ku jicho. Yangu alinikatia nilipokuwa mwaka wa tatu wa sekondari, na kila nilipoongezeka alikata ingine. Mimi nilikuwa naona haya. Vijana wa ku soko walikuwa wananiona nimesimama na kamba muguuni, wananipigia kelele: "Weye, mbuzi wako leo anakula nini?" Nikarudi kumuambia Papa Foto kwamba sitaki tena ile kamba, watu wananiita muchunga mbuzi. Akaniuliza: "Na foto, zilitoka?" Nikasema zilitoka. "Basi waambie mbuzi wetu hajapotea hata siku moja."

Wale vijana ndiyo walimuambia kwanza kwamba siku hizi kuko kamera yenye inajituliza yenyewe. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza inatuliza nini. Wakasema mukono wa mupiga foto. Akasema: "Ah. Ni dawa ya walevi." Ile neno ilizunguka muji wetu, Kasongo muzima. Hata mimi niliirudia mara nyingi, na leo naona haya.

Juu ya nini alinichukua mimi? Watu wanafikiri ni akili yangu. Si akili. Yeye alikuwa mukristo, mutu wa kwao Kabambare, Mubangubangu kwa kabila, na hapa muji kazi nyingi zilikuwa kwetu sisi waislamu, ndoa zetu. Na kwetu unajua vile iko. Siku ya ndoa, chumba cha bibi harusi ni cha wanawake. Kuko pazia moja tu, na hakuna mwanaume anaipita, hata awe na nywele nyeupe, hata awe babu wa mutu. Basi miaka yote Papa Foto alikuwa anapiga wanaume ku baraza wanakula pilau. Bibi harusi anapatikana mara moja tu, akitoka, amefunikwa, wanamukimbiza. Familia zikawa na foto mingi sana za pilau. Alinichagua juu nilikuwa jirani, nilikuwa musichana, na sikuogopa kumujibu.

Lakini hakunipa kamera niingie nayo hivi hivi. Alinifunga macho na kitambaa changu mwenyewe cha kichwa. Mwezi muzima, kila siku kisha masomo, nakaa ku kiti chake macho yamefungwa, kamera ku mikono. Gurudumu la mbele ni tundu la mwangaza. Gurudumu la nyuma ni mwendo: kuume kamera inafumba jicho haraka, kushoto inafumba pole na mwangaza unaingia mwingi. Kila ukigeuza inalia tak. Ile tak moja yeye aliita jino. "Meno matatu kuume," anasema. Nageuza. "Rudisha mawili." Narudisha. "Sasa uko wapi?" Nisiposema vizuri tunaanza upya. Nilichoka, Yaya. Nilimuambia: "Papa, mimi nitapiga foto macho wazi, juu ya nini unanifunga?" Akasema: "Siku ile macho yako yatakuwa na kazi ingine."

Na ndiyo ilikuwa. Ndoa ya kwanza niliingia ndani, yeye akakaa inje nyuma ya pazia, ku kigoda, mugongo umegeukia mulango. Tukaongea kupitia kitambaa.

"Dirisha iko upande gani?"

"Nyuma yake. Wameifunga."

"Taa?"

"Moja ya solere, ya jua. Iko chini."

"Bibi harusi anakaa ao anasimama?"

"Anakaa. Shangazi zake wanacheza."

"Sasa unapiga nani? Mwenye kukaa ao wenye kucheza?"

"Wote."

"Wote si jibu. Mwenye kukaa, meno mawili kushoto na ukanyage kamba. Wenye kucheza, kamba isahau. Meno mane kuume, pandisha ISO, na muchanga ukuje."

Shangazi mumoja, yule munene mwenye sauti, akasimama katikati ya chumba. "Papa Foto, umetoboa pazia fasi gani? Unatuona."

"Sioni kitu, Mama. Nasikia miguu. Na unacheza vibaya."

Wanawake walicheka mpaka bibi harusi naye akacheka, na bibi harusi wa kwetu hapaswi kucheka. Mikono yangu ilikuwa imeshafika ku meno mane bila mimi kuangalia chini. Ile foto iko mpaka leo ku ukuta wa ile nyumba. Ekra ya kugusa ingenifanya niiname, nitafute na kidole, na ningeinua kichwa cheko limeisha.

Sasa muchanga. Najua hili halikufurahishe, juu wewe unaangalia foto ku telefone na unataka iwe laini kama sahani mupya. ISO ni nguvu ya kamera ya kuvuta mwangaza. Giza ikizidi unaipandisha, na ukiipandisha sana, foto inajaa chembe chembe, nyekundu, kijani, kama mutu amemwanga muchanga juu. Wafaransa wanaita kelele, sisi tulisema muchanga. Papa Foto alishakaa Salamabila, alikuwa anapiga wachimbaji foto ku mashimo, na maneno yake mengi yalitoka kule. "Dhahabu inatokaka na muchanga," anasema. "Mutu mwenye kutaka kuondoa muchanga wote kwa haraka, anamwanga na dhahabu."

Mimi ni ule mutu. Nilimwanga.

Kulikuwa bibi muzee ku upande wa misioni, mukulima, mama ya watoto wengi. Nilimupiga ku jiko lake, giza, moshi, ISO juu kabisa. Foto ilijaa muchanga. Kisha miezi michache alifariki, na watoto wake wakaomba ile foto kubwa ya kuweka ku matanga. Papa Foto alikuwa safarini. Mimi nikafikiri nitafanya vizuri kumupita. Nikaenda fasi ya kuprinti, ku mashini yao kuko programu ya kuondoa muchanga, nikavuta kile kijiti cha ku ekra mpaka mwisho. Foto ikawa safi. Nikaifurahia sana. Nikaipeleka mwenyewe, imefunikwa na plastiki.

Mutoto mukubwa wa marehemu akaishika, akaangalia, akaangalia tena. Akaniuliza pole: "Huyu ni nani?"

Yule bibi alikuwa na chale tatu kila shavu, zile za wanawake wa zamani, za kuonyesha kwao, ndogo, kama kucha imepita. Programu iliona chale, ikafikiri ni muchanga. Ilizifuta zote sita. Nilikuwa nimeleta ku matanga sura ya mwanamuke asiye na kwao.

Papa Foto alirudi kesho yake. Hakupiga kelele. Alichukua ile ingine, yenye muchanga, akaiprinti kubwa vile vile, akanipa niibebe ku kichwa tukaenda naye. Pale alinisimamisha mbele ya kiti cha marehemu, kiti kitupu, akasema: "Muombe yeye musamaha. Watoto wake watasikia." Nikaomba. Foto ya muchanga wakaiweka juu ya meza, na wamama wakaanza kulia upya juu walimuona. Siku ya ine akasema akiwa anapanguza kamera: "Ulifagia nyumba mpaka ukafagia wenye nyumba."

Usifikiri alikuwa mutakatifu. Alikuwa anafundisha watu wote uvumilivu, na wingu likipita juu ya jua alilitukana kwa Kibangubangu, matusi marefu, kama wingu ni mutoto wake. Alisema foto si ya urembo, lakini ku mufuko wa shati aliweka kichana, na mbele aingie ku baraza ya watu alijichana. Hakukubali kupiga mutu mwenye njaa: "Nenda ule kwanza, njaa inakaa ku macho." Na yeye alikuwa anashinda siku mbili na chai. Alipiga muji muzima, lakini yeye mwenyewe hakupigwa. Mara moja nilimunyemelea na kamera yake. Akaweka sufuria mbele ya uso. "Mupishi hajipike," akasema kutoka nyuma ya sufuria.

Na aliondoka vibaya. Hakuaga. Siku moja aliniachia kamera na kamba, akasema anaenda Kabambare kulima mupunga, kana kwamba anaenda ku soko. Nilikasirika mwaka muzima. Nilijiambia amechoka na mimi.

Basi nikabaki na kazi peke yangu, na ile kamera yake imezeeka. Unajua ndoa ya mwisho, ile ya mwezi uliopita. Mama wa bibi harusi aliniambia mbele tuanze: "Mutoto wangu, foto za safari hii zisiwe na zile chembe. Ku telefone ya binti zangu hazikuwaka." Nikaogopa. Kamera yangu nikipandisha ISO kidogo tu muchanga unafunika macho ya watu. Nikashusha ISO, nikarudisha mwendo pole, nikakanyaga kamba. Foto zilitoka bila muchanga. Lakini watu walikuwa moshi, umbo limevurugika. Shangazi moshi, mikono moshi, bibi harusi nusu moshi. Ule mama aliziangalia kumi, akanirudishia telefone bila kuziangalia zingine. Ndoa ya binti wa jirani iko kisha ya wiki tatu. Nikileta moshi tena, nitafungiwa pazia, na watapigana foto wenyewe na telefone zao, na mimi nimekwisha.

Nilifikiri ni mukono wangu. Ndiyo maana wewe uliposema stabilizateri, moyo wangu ulipiga. Nilimuandikia yule muuzaji wa Kalemie mwenye kamera zote mbili: "Papa, funga mulango wa butiki kuwe giza, piga foto na kamera zote mbili, na mutoto wako aruke katikati." Alijibu na sauti, anacheka: "Dada, nimeuza kamera miaka mingi, hakuna mutu ameniomba mutoto aruke." Lakini alifanya. Ya kwanza, butiki ilionekana wazi kabisa, unasoma majina ku makopo ya maziwa, na mutoto kama moshi wa jiko. Ya pili ilikuwa na muchanga ku ukuta, muchanga mudogo, wa rangi moja, na mutoto ananing'inia hewani, meno inje, unaweza kuyahesabu. Niliziona, Yaya. Lakini sikuamini macho yangu. Hofu ilikuwa imeniambia ni mukono. Ndiyo nikapanda moto kwenda Kabambare.

Nilimukuta kwa binti yake, anakaa ku kiti, mupunga umeanikwa mbele yake ku shiti ya turubai, na kafimbo ka kufukuza kuku. Binti yake akasema: "Papa, uko na mugeni." Akajibu bila kugeuka: "Anatembea kama mutu mwenye haraka. Ni yule." Kisha: "Umekula?"

Nilimuonyesha kamera zote mbili ku telefone. Nikamueleza kila kitu, muchanga, magurudumu, stabilizateri, mutoto wa Kalemie, foto zangu za moshi. Aliangalia muda murefu. Nilingoja aseme neno lake la zamani. Akasema:

"Chukua ile yenye inatuliza mukono."

"Papa, si ulisema ni dawa ya walevi?"

Hakucheka. Mukono wake wa kuume ulikuwa chini ya kitenge, ku mapaja. Akautoa. Ulikuwa unacheza wenyewe, bila yeye, kama majani. Akautazama pamoja na mimi.

"Na sijanywa kitu," akasema.

Ndiyo nikajua juu ya nini aliondoka bila kuaga. Yeye akanyoosha mukono: "Leta."

Nikamupa kamera, kamera yake. Ilikuwa na kamba yangu. Akaweka muguu juu ya kijiti, akainua kamera ku jicho, na kamba ikabaki imelala chini, imelegea, juu ilikuwa ya mutu mwenye kusimama. Akajaribu kusimama. Magoti yakakataa. Akakaa tena, akapiga kuku foto hivyo hivyo, kamba ikibururika. Tukaangalia ku ekra. Mistari tupu, huwezi kujua kama ni kuku ao ni mvua.

"Umeona," akasema. "Mukono hauko wa mutu milele. Chukua ile."

Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo, Yaya, sikatai. Na pale alifanya kitu hakukifanyaka. Akatoa kichana mufukoni, akajichana na mukono wa kushoto, akasema: "Piga sasa, mbele sijabadili akili."

Alikuwa chini ya kivuli cha paa. Nikasimama, nikakanyaga kamba, vidole vikahesabu, meno mawili kushoto. Mwenye kukaa. Nikapiga moja tu. Hakutaka kuiona.

Niliifungua hapa nyumbani, jana. Uso wake uko wazi, kila kunyanzi. Ukuta nyuma yake wazi, matofali, hata buibui. Mupunga ku shiti, punje kwa punje. Na mukono wake wa kuume ku goti ni moshi.

Nikakaa nayo sana. Kisha nikafungua foto za ndoa, zile mbaya, nikaziangalia upya, si watu, nyuma ya watu. Pazia wazi. Ukuta wazi, hata msumari. Yaya, mukono wangu haukutetemeka hata kidogo. Kamba ilifanya kazi yake. Ni watu walikuwa wanacheza, ni ndoa, na mimi nilirudisha mwendo pole juu ya kuogopa muchanga. Stabilizateri ni kamba iliyoingizwa ndani ya kamera, basi. Inatuliza mwenye kupiga. Mwenye kupigwa hakuna mashini ya kumutuliza, na ndani ya chumba cha bibi harusi sitaki atulie.

Papa Foto alinijibu na mukono wake, si na mukono wangu. Hakunidanganya. Mutu mwenye kiu, umuulize ni nini cha kubeba njiani, atakuambia maji. Lakini mbele ya lile jibu moja alinipa miaka ya majibu, macho yangu yakiwa yamefungwa, na yale yote yanasema ile ya pili. Nikichukua ya kwanza juu yeye amesema, nitakuwa nimemusikia siku moja na nimemusahau siku zingine zote.

Basi ndiyo hivi. Kesho asubuhi, mbele mwenye moto apige honi, nitakuwa ku mulango. Nitakupa karatasi nimeandika: ile nzito, ya magurudumu, usikubali wakubadilishie. Na nitakupa sufuria. Ni ile yake, mupira umefungwa, usiifungue njiani hata wakuulize umepika nini. Ndani ni kamera yake. Utapita Kabambare, uiteremshe kwa binti yake, umupe Papa Foto mwenyewe, ku mukono wa kushoto. Mimi nitabaki mikono mitupu mpaka urudi, na ndoa ya jirani haingoje, basi usichelewe Kalemie. Na umuambie kamba ni mupya. Nimeikata leo. Nilikaa ku kiti, nikaweka muguu chini, nikapima kutoka ku nyayo mpaka ku jicho la mutu mwenye kukaa.